Mkate Ambao Sitaupitisha

Ndugu mwenyekiti, wataalamu wa afya mlioketi mbele, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaoubeba mzio wenyewe miilini mwenu: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Hapa mezani kuna mkate. Niliuoka juzi usiku, jana nikaukata, leo nimeubeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga. Kule nyuma nawaona wanaonyoosha shingo. Mniwie radhi, sitaupitisha. Si uchoyo. Sijui ni nani humu ndani ambaye mwili wake unakataa nini, na ninyi bado hamjui nimetia nini. Binti yangu anaula kila asubuhi na hana shida, lakini usalama wake hauwi usalama wa mwingine. Basi ukae hapo, utusikilize. Tutaurudia.

Mimi ni fundi wa magari. Sijasomea udaktari wala upishi, na nitakayoyasema kuhusu tiba ni yale ambayo daktari wako atayathibitisha au kuyarekebisha kwa hali yako. Nilichojifunza mwenyewe, kwa kuunguza na kutupa, ni jinsi ya kutoa mkate unaolika katika nyumba ambayo karibu kila kitu cha kabati la jikoni kimepigwa marufuku.

Kwetu orodha ina mambo matano: ngano, maziwa, mayai, ufuta, na korosho pamoja na ndugu yake pistashio. Hayakuja siku moja. Yalikuja moja moja, kila moja na hofu yake, hadi ukifungua kabati unaona sanduku la hatari. Kila mgeni alikuwa na swali lilelile: sasa huyu mtoto anakula nini? Nilichoka kulijibu, na ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa silijui jibu.

Siku ya kwanza ya kuoka nilifanya kile ambacho nadhani wengi wetu hufanya. Nilichukua maelekezo ya mkate wa kawaida, nikakata kila jina baya kwa kalamu na juu yake nikaandika jina jingine. Palipoandikwa unga wa ngano, nikaandika unga wa mchele. Mayai, nikaandika ndizi. Maziwa, nikaandika maji ya mchele. Nikakanda, nikasubiri, nikaoka. Mke wangu aliupokea mkate ule, akaugonga kwa mpini wa kisu, ukalia kama mlango. Tuliukata kwa msumeno wa nyama. Ndani ulikuwa mbichi.

Nilikaa siku kadhaa nikiuwaza mkate ule nikiwa chini ya magari ya watu. Na huko chini ndiko nilikopata akili. Gereji, mteja akileta gari ambalo kipuri chake hakipatikani, fundi mzuri haulizi kipuri kingine chenye jina linalofanana. Anauliza: hiki kilikuwa kinafanya kazi gani? Kilizuia mafuta yasivuje? Kilibeba uzito? Kilipoza moto? Ukishaijua kazi, unaweza kuitafutia mtendaji mwingine. Na wakati mwingine unagundua hakikuwa na kazi yoyote, aliyetengeneza alikiweka kwa urembo.

Nikarudi jikoni na swali hilo. Ngano inafanya kazi gani?

Ngano ina protini mbili kubwa, glutenini na gliadini. Zikipata maji na kukandwa, zinashikana na kuwa gluteni. Moja inaupa unga nguvu ya kuvutika na kurudi, nyingine inaufanya unyooke bila kukatika. Zikiungana ni kama wavu wa mpira. Hamira inakula sukari iliyomo, inatoa hewa ya kabonidayoksaidi, na wavu ule unaikamata. Mkate unaumuka kwa sababu hewa imekosa pa kutokea. Unga wa mchele hauna wavu huo. Hamira yangu siku ile ilifanya kazi yake yote vizuri, haikuwa na kosa hata moja. Mimi ndiye niliyejaza upepo kwenye tairi lisilo na mpira.

Kwa hiyo kazi ya kutafutiwa mtendaji ni kushika hewa. Siku hizi viko vitu viwili vinavyotumika sana. Kimoja ni maganda ya mbegu za siliamu, ambayo wengine huyaita isapgoli na hunywewa kulainisha choo. Yakilowa yanafyonza maji mara nyingi ya uzito wake na kuwa ute mzito unaovutika. Ute huo ndio wavu wetu. Kingine ni gundi ya zanthani, unga mweupe unaotengenezwa na bakteria anayeitwa Xanthomonas campestris akilishwa sukari. Hapo pana jambo ambalo lebo haisemi kila mara: sukari aliyolishwa bakteria huyo yaweza kuwa imetokana na mahindi, ngano, soya au maziwa. Kwa walio wengi halina madhara, lakini ukiwa na mzio mkali wa mojawapo ya hivyo, mwandikie mtengenezaji umuulize. Mimi nilichagua siliamu, si kwa sababu ni malaika, kwani ipo mizio ya siliamu pia, na imeonekana hasa kwa watu wanaovuta vumbi lake kazini. Niliichagua kwa sababu mkate wake unakunjika. Wa zanthani mikononi mwangu ulikuwa ukipasuka kama udongo wa kiangazi.

Nikaendelea kuuliza. Mayai yanafanya kazi gani? Yanashikanisha, yanasaidia kuinuka, yanaleta rangi na unyevu. Maziwa je? Yanalainisha na kuleta rangi ya kahawia juu. Ufuta? Urembo na harufu. Korosho? Hata sijui zilifikaje kwenye maelekezo yale.

Nikasimama hapo, nikacheka peke yangu. Mkate wa kuumuka ulio wa msingi kabisa ni unga, maji, chumvi na chachu. Hauna yai. Hauna maziwa. Katika mambo yetu matano, mkate ulikuwa unahitaji moja tu, ngano, na mengine manne nilikuwa nahangaika kuyatafutia mbadala bure. Orodha iliyokuwa ikininyima usingizi ikapungua kutoka tano hadi moja, na sikununua kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu mbadala nao una mitego. Ile ndizi niliyoitia mahali pa yai: mtu mwenye mzio wa mpira asilia, ule wa glavu na maputo, mwili wake unaweza kuchanganya protini za mpira na za ndizi, parachichi au kiwi. Maji ya dengu yaliyochemshwa, ambayo yanapigwa mpaka yakatoa povu kama ute wa yai, ni ya jamii ya kunde, na karanga ni wa jamii hiyohiyo. Mbegu za kitani zilizosagwa nazo zina watu zinaowadhuru. Halafu kuna lupini, kunde nyingine ambayo unga wake hutiwa katika baadhi ya mikate isiyo na gluteni. Mwenye mzio wa karanga anaweza kukorofishwa nayo hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Umoja wa Ulaya umeiweka lupini katika orodha yake ya vichochezi 14 vya mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo. Marekani ina orodha ya vichochezi 9, na lupini haimo. Basi kila unapotia kibadala umefungua mlango mpya. Mlango usiouhitaji uache umefungwa.

Sasa niseme kidogo juu ya maneno, maana watu wanaumia kwa maneno. Ziko hali tatu ambazo mitaani zote huitwa mzio. Mzio wenyewe ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya chakula, na mara nyingi majibu huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Seliaki si mzio wa namna hiyo. Gluteni inaufanya mwili ujishambulie wenyewe kwenye utumbo, polepole, na tiba yake mpaka leo ni kuacha gluteni maisha yote. Ya tatu ni kutovumilia, kama mtu aliyekosa kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Huyo tumbo litanguruma, lakini koo halitafunga. Maziwa yaliyoondolewa laktosi yanamfaa huyo wa tatu. Mwenye mzio wa maziwa hayamfai hata kidogo, kwa sababu protini zote bado zimo. Bibi mmoja mwenye upendo mwingi aliwahi kumpa binti yangu maziwa hayo kwa imani njema kabisa. Usiku ule tuliumaliza hospitalini.

Habari ya seliaki ina kisa ambacho kila nikikumbuka nanyamaza. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa tayari ameanza kushuku ngano katika miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita. Mkate ukaadimika nchini. Watoto wake wagonjwa wa seliaki, katikati ya njaa iliyoua watu, hawakuzidiwa, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wanawalisha watoto hao ndizi na kubahatisha. Nasi tunalalamika kwamba lebo ni ndogo kusomeka.

Lakini lebo zenyewe zinadanganya bila kusema uongo. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius, chakula kinaitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Kinaruhusiwa hata kuwa na wanga wa ngano ambayo gluteni yake imeondolewa. Kwa mtu wa seliaki hilo linakubalika. Kwa mtoto wangu mwenye mzio wa ngano, protini za ngano si gluteni peke yake, na chakula hicho si chake. Na kinyume chake ni kweli: "haina ngano" inaweza kuwa na shayiri au nafaka iitwayo rai, zenye gluteni pia, na mtu wa seliaki akaumia. Spelti ni ngano, hata ikiuzwa kwa jina zuri na kwenye mfuko wa karatasi. Ngano iliyochachushwa kwa siku tatu ni ngano iliyochachushwa kwa siku tatu. Bakwiti, mbegu inayosagwa unga kama nafaka, si ngano kabisa, ila ina mzio wake yenyewe, mpaka Japani imeamuru itajwe kwenye lebo.

Kwa nini basi kuoka nyumbani, wakati kuna watu wenye viwanda na mashine? Nitawajibu kwa ufuta. Mwaka 2016 msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliojazwa mboga. Ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya donge, hauonekani kwa macho, na haukuandikwa kwenye kifungashio. Wazazi wake walipigania jambo hilo mpaka Oktoba 2021 ikaanza kutumika sheria inayoitwa kwa jina lake, kwamba chakula kinachofungashwa palepale kinapouzwa kiandikwe viambato vyote. Sheria njema. Marekani nayo ikapitisha sheria mwaka huohuo wa 2021, na kuanzia Januari 2023 ufuta ukawa kichochezi cha tisa kinacholazimu kutajwa. Na hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Baadhi ya waokaji wakubwa wa huko waliona kusafisha mitambo ni kazi ngumu, wakaanza kutia ufuta kidogo kwa makusudi kwenye mikate ambayo zamani haikuwa nao, ili wauandike na kuwa wametimiza sheria. Familia zilizokuwa zikila mkate huo miaka nenda miaka rudi zikajikuta haziwezi tena. Kifungashio kilekile. Kwa hiyo mkate wa dukani ulio salama leo, hakuna aliyekuahidi wa mwezi ujao.

Ndipo turudi jikoni. Na jikoni adui wa kwanza si kiambato, ni vumbi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naoka mikate miwili siku moja, wa ngano kwa sisi wengine na wa binti yangu. Nilitumia bakuli tofauti, nikajiona mwerevu. Alianza kukohoa na macho kuvimba kabla hajagusa kitu. Unga wa ngano unaelea hewani baada ya kumiminwa, unatua kwenye vijiko, kwenye kingo za dirisha, kwenye aproni yako. Waokaji wanaujua ugonjwa huu tangu zamani: Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika juu ya kikohozi na pumu ya waokaji mwaka 1700. Nyumbani kwetu tuliamua ngano iondoke kabisa. Sisemi kila nyumba ifanye hivyo. Nasema kama unaibakiza, oka wa mwenye mzio kwanza, asubuhi, jikoni pakiwa safi, na ngano ije baadaye na mwenye mzio asiwepo.

Chekeche usiazime. Matundu yake huwezi kuyasafisha ukajiapiza. Mwiko wa mbao wenye nyufa, ubao wa kukatia, mashine ya kubanikia mkate, hivyo vyote viwe vyake peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jeli ya kuua vijidudu haiondoi protini ya karanga mikononi, inaihamisha tu huku na huku. Na tafadhali, asije mtu akakwambia moto wa oveni utaua mzio. Moto unaua kilicho hai. Protini haikuwa hai. Ni kweli kwamba watoto wengi wenye mzio wa mayai au maziwa wanaweza kuvihimili vikiwa vimeokwa vizuri ndani ya keki, kwa sababu joto hubadilisha umbo la baadhi ya protini. Lakini kipimo hicho hufanywa mbele ya daktari, dawa ikiwa tayari. Jikoni kwako si mahali pake.

Nafaka zisizo na ngano nazo huchafuka njiani. Niliwahi kununua unga wa mtama kwa muuzaji mmoja, mtu mwema, aliyeniapia kwamba ni mtama mtupu. Alikuwa mkweli. Mtama wake ulikuwa mtupu. Kinu ndicho kilichokuwa kimesaga ngano asubuhi hiyo. Tangu hapo swali langu si "una nini ndani?" Nauliza, "kinu hiki kilisaga nini kabla?" Oti ndizo zinazoongoza kwa tabia hii, maana hulimwa, husafirishwa na kusagwa bega kwa bega na ngano na shayiri.

Sasa mkate wenyewe. Walionijia na daftari, fungueni.

Pima kwa mizani, kwa gramu. Kikombe cha unga kinabadilika kulingana na ulivyoukandamiza, na unga usio na gluteni hausamehe. Unga wa mtama gramu 200. Wanga wa viazi 100, wanga wa muhogo 100. Mtama ndio ladha na mwili, wanga ndio wepesi. Ukitia unga wa nafaka mtupu utapata mkate mzito, ukitia wanga mtupu utapata sponji isiyo na ladha. Maganda ya siliamu gramu 25. Hamira kavu 7, sukari 15, chumvi 8. Mafuta gramu 20 ya aina uliyokwisha kuizoea. Siki vijiko viwili vya chai. Maji gramu 420.

Mmeisikia hiyo ya maji? Ni mengi kuliko unga. Hapa ndipo wenzangu wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu kwa miezi. Mkono uliozoea ngano ukiona rojo unaongeza unga. Usiongeze. Siliamu na wanga vinakunywa polepole, na ukiwapa maji machache leo, kesho utakuwa unatafuna mchanga.

Loweka siliamu kwenye maji kwanza, maji ya uvuguvugu ambayo kidole kinayavumilia kwa raha, kama nyuzi 35. Hamira huanza kufa maji yakikaribia nyuzi 55 za Selsiasi, kwa hiyo wanaotumia maji ya kuchemka kwa haraka wanaua mfanyakazi kabla hajaingia zamu. Dakika tano tu maji yatakuwa ute. Tia mafuta na siki, kisha unga uliokwisha kuchanganywa na vitu vikavu vyote. Koroga kwa nguvu mpaka pasiwe na madonge. Hakuna haja ya kukanda dakika kumi, kwani unachokijenga kwa kukanda ngano hapa hakipo. Bonyeza kwenye bati refu lenye kuta zilizosimama, maana mkate huu unahitaji kuegemea ukuta, hauwezi kusimama peke yake kama wa ngano.

Unaumuka mara moja tu. Ukiupiga chini na kuusubiri tena, hewa iliyotoka haitarudi kama ilivyokuwa. Na usingoje uwe maradufu. Ukiongezeka nusu ya kimo chake, uingize kwenye oveni yenye nyuzi 220, baada ya dakika 20 shusha hadi 200, uuache dakika 45 au 50 nyingine. Ukiwa na kipimajoto cha kuchomeka ndani ya mkate, katikati isome nyuzi 96 hadi 98. Rangi ya juu isikudanganye. Mkate usio na maziwa wala yai haubadiliki sana rangi, na mwenye haraka huutoa bado mbichi, au huusubiri uwe mwekundu mpaka ukawa jiwe.

Kisha, jamani, usiukate. Najua harufu. Najua watoto wamesimama mlangoni na sahani. Wanga ulioiva kwa maji mengi namna hii bado ni kama uji ukiwa wa moto, na unaganda unapopoa. Ukiukata moto, kisu kitatoka na gundi, nawe utasema mapishi ni mabaya. Subiri kwa muda wa saa tatu. Mimi siku hizi naoka usiku ili usingizi uwe mlinzi.

Ukishapoa, kata vipande, na usichokila siku hiyo au ya pili kiweke kwenye friza. Friza, si sehemu ya kawaida ya jokofu. Baridi ndogo ya jokofu inauharakisha wanga kukakamaa, kuliko hata ukiuacha mezani.

Maelekezo haya si sheria. Kuna mtu humu mtama haumfai, mwingine ni viazi. Sawa, badilisha. Ila badilisha kimoja kwa mara moja, na uandike. Gereji nina daftari la kila gari: tarehe, nilichofungua, nilichofunga. Ukibadilisha vipuri vitatu siku moja na gari likawaka, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu. Daftari la mkate wetu lina safu moja ya mapishi na safu nyingine ya mtoto: amekula saa ngapi, ngozi, tumbo, pumzi. Lilipofika mikononi mwa daktari wetu alilisoma kimya, kisha akaomba nakala.

Na kiambato kipya kisionjwe usiku, wala siku ya safari. Kama mtoto ameandikiwa sindano ya adrenalini, iwe karibu, na aliyepo nyumbani ajue kuitumia: pajani, upande wa nje, mara moja, kisha simu ya dharura. Vidonge vya kutuliza mwasho wa ngozi havizuii koo kufunga. Nawaomba wataalamu mlioko mbele mlikazie hili kwenye kipindi cha maswali, mtalisema vizuri kuliko mimi. Jingine la kuwauliza ni lishe: nchi nyingi unga wa ngano huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki kiwandani, wanga wetu wa viazi hauna, na mtoto mwenye orodha ndefu anaweza kupungukiwa bila mtu kujua.

Kuna siku binti yangu, akiwa na miaka saba, aliniuliza: "Baba, mkate wa kweli una ladha gani?" Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini. Ni mimi niliyemfundisha neno hilo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwambia huu unakaribia wa kweli, huu unafanana na wa kweli, leo nimeshindwa kuupata wa kweli. Yeye hajawahi kuuonja huo ninaouomboleza. Anayeulilia ni mimi. Tangu siku ile niliacha kuulinganisha mkate wetu na ngano, nikaanza kuuliza kama ni mzuri au mbaya wenyewe kama ulivyo: umekauka? una chumvi ya kutosha? unabeba asali bila kuvunjika? Na ajabu, hapo ndipo ulipoanza kuwa mzuri, kwa sababu niliacha kuulazimisha uwe mweupe na mwepesi, nikauacha mtama uwe mtama. Wiki iliyopita alisema ganda la juu limezidi kuwa gumu. Alikuwa na haki. Nilisahau kupunguza moto.

Basi turudi mezani kwetu. Mkate huu una vitu kumi, nitavisoma vyote polepole, na nimebeba mifuko na chupa zenyewe ili msome lebo kwa macho yenu. Unga wa mtama, uliosagwa nyumbani kwenye kinu ambacho hakijawahi kuona ngano. Wanga wa viazi. Wanga wa muhogo. Maganda ya siliamu. Hamira kavu. Sukari. Chumvi. Mafuta ya alizeti. Siki ya tufaha. Maji. Umeokwa kwenye jiko lisiloingia ngano, maziwa, mayai, ufuta, karanga wala korosho. Lakini soya na samaki tunakula, mjue hivyo. Kisu kiliukata nyumbani, hakijagusa kitu kingine. Mwenye seliaki, mtama huu sikuupeleka maabara.

Mifuko iko upande huu wa meza, mkate upande ule. Pitieni upande huu kwanza.